Toa hizo fomu tupu kwenye droo leo hii

Ndugu mwenye uzi, umeuliza zamu za wikendi uzipangeje, gari la kitengo umdai nani, kamati ya leseni ukae nayo vipi, na kama ni kweli msimamizi mkuu hana haja ya kwenda msakoni. Halafu katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba ni jambo la kawaida: umeshasaini fomu kumi za vielelezo, zile za kuorodhesha pombe iliyokamatwa ili ipelekwe mahakamani, zikiwa tupu, ziko kwenye droo, vijana wakikamata pombe usiku wajaze wenyewe. Nimeisoma mara tatu, chai ikanipoa mezani.

Zitoe. Mengine yatangoja.

Nimekikalia kiti hicho cha msimamizi wa maafisa wa vileo miaka minne, katika kaunti ambayo sitaitaja. Aliyenikabidhi ofisi alikuwa mkongwe, ametumikia tangu enzi leseni zikitolewa wilayani, kabla Katiba ya 2010 haijaleta leseni za vileo kwenye kaunti. Alinipa ufunguo wa stoo, muhuri, na neno moja: "Bosi hasaini barabarani. Bosi anasaini mezani." Nikaliona neno la hekima, la mtu mzima. Nikalishika miaka miwili mizima.

Sasa sikiliza lilivyonifikisha.

Ilikuwa Jumamosi. Unajua saa za sheria yetu ya vileo ya Kenya ya 2010, hii inayoitwa sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni: siku za kazi baa inafungua saa kumi na moja jioni, wikendi na sikukuu saa nane mchana, na siku zote kufunga ni saa tano usiku. Hii baa ilikuwa saa saba usiku muziki unasikika hadi barabara kuu. Tena iko karibu na shule ya msingi, na tulipokuja kupima tukapata mita 180 wakati sheria inataka zisipungue 300. Vijana wangu sita wakaingia pamoja na polisi wawili. Nyuma ya kaunta wakakuta chupa za vodka zenye stempu za ushuru ambazo ukizikagua kwa ile programu ya KRA, mamlaka ya mapato, ya kwenye simu zinakuletea jina la juisi. Na jerikeni mbili za lita 20, hazina jina, hazina alama, zimefungwa kwa nailoni mdomoni.

Mimi nilikuwa kitandani. Simu ikalia: "Mkubwa, tumepata mzigo." Nikajibu, "Kazi nzuri, nileteeni fomu asubuhi." Nikageuza mto.

Asubuhi fomu iko mezani. Chupa 64, jerikeni 2. Juu ya mahali pa kusaini kuna maneno yaliyopigwa chapa: nathibitisha kwamba nimeshuhudia. Nikasaini, nikagonga muhuri, nikaingia kwenye kikao cha bajeti. Stoo iko hatua ishirini kutoka ofisini kwangu. Sikuzipiga.

Miezi minne baadaye tuko mahakamani, vielelezo vinaletwa mbele ya hakimu. Chupa 43. Jerikeni moja.

Wakili wa mwenye baa alikuwa kijana mpole kabisa, hakupandisha hata sauti. Aliniuliza, "Hizi chupa ulizihesabu?" Nikasema zilihesabiwa. "Nimeuliza kama wewe ulizihesabu." Nikasema la. Akanipa fomu niisome kwa sauti, mpaka kwenye hilo neno nimeshuhudia, akauliza, "Ulishuhudia ukiwa wapi, mheshimiwa?" Ndugu yangu, feni ya mahakama ile ina panga moja lililolegea, nililisikia likigonga, ta, ta, ta, nami sina la kujibu. Kesi ikatupwa. Baa ya mita 180 kutoka shuleni ikafunguliwa tena wiki hiyo hiyo, na mimi nilikuwa napita pale kila siku nikienda kazini.

Laiti ingeishia hapo.

Wiki mbili baadaye afisa wangu mmoja, binti mwenye bidii, ambaye usiku ule alikuwa ameandika namba kwenye kitako cha kila chupa kwa kalamu nyeupe, aliingia kibanda cha stendi kununua maji. Akaona vodka rafuni. Akageuza chupa mbili. Namba 17 na namba 37. Binti huyu saba yake huikata kistari katikati, mwandiko wake haufanani na wa mtu mwingine. Alikuja nazo ofisini, akazilaza mezani kwangu vitako vikinitazama, akatoka bila kusema neno.

Chupa 21 zilitoka kwenye stoo niliyokuwa na ufunguo wake. Mbili zimeonekana. Nyingine 19 zilinyweka. Na jerikeni ile ya lita 20, ambayo Mkemia wa Serikali hakuwahi kupata hata kijiko chake, ilikwenda wapi? Ilikuwa na nini? Hadi leo sijui. Nilizunguka zahanati za mji ule wiki nzima nikiuliza kama kuna mtu ameletwa anatapika, analalamika haoni, maana methanoli, ile sumu ya pombe haramu, hushambulia macho. Sikupata mtu. Nilimshukuru Mungu huku natetemeka.

Februari 2024 ikaja habari ya Kangai kule Kirinyaga. Watu 17 wamekufa kwa pombe, na taarifa ya serikali ikaeleza kwamba pombe yenyewe ilikuwa kielelezo, ilikwishakamatwa, ikatoka tena ikarudi kwa wanywaji. Nilizima redio. Mke wangu aliniuliza kuna nini, nikashindwa kumwambia. Nilikuwa naiona jerikeni yangu.

Mimi nilipewa barua ya kujieleza, kisha nikasimamishwa kwa nusu mshahara miezi minane. Nani aliuza zile chupa? Haikujulikana. Vijana sita, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kwenye karatasi kulikuwa na jina moja tu, langu, na muhuri juu yake. Nikampigia yule mkongwe. Unajua alinijibu nini? "Mimi sikukwambia usihesabu." Nakasirika hata ninapoandika. Mzee mzima, umenirithisha ugonjwa wako ukiuita uzoefu, halafu unanisomea sentensi yako kama wakili! Nawakasirikia pia wale wa semina za hotelini, siku tatu za slaidi kuhusu uongozi na maono, hakuna hata mmoja aliyeshika chupa akatuonyesha inavyofungwa sili.

Watakuja hapa wa kusema nilikuwa nakula na vijana. Karibuni. Ila njooni na msimamizi mmoja anayeamka saa nane usiku kuhesabu chupa kwa tochi, nami nitampikia pilau kwa mikono yangu.

Kwa hiyo kuhusu kwenda msakoni jibu ni ndiyo, nenda. Usisaini usichokihesabu kwa macho yako, pale pale kilipokamatwa. Chupa moja moja, kwa sauti, mwenye baa akiwa amesimama hapo anasikia. Mpe asaini, akikataa andika kwamba amekataa na saa aliyokataa. Kila chupa ipate namba. Jerikeni ifungwe sili mbele yake, na namba ya sili iandikwe kwenye fomu kabla gari halijawashwa. Kutoka hapo moja kwa moja kituoni mpate namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, hakuna kupitia kwa mtu kula nyama kwanza. Sampuli ziende kwa Mkemia mapema, zisikae stoo wiki mbili zikingoja gari. Stoo iwe na kufuli mbili na funguo zikae kwa watu wawili wasiopatana sana. Na kama kweli huwezi kuwepo, una mgonjwa, umesafiri, basi asaini aliyehesabu kwa jina lake, nawe asubuhi uhesabu upya, usaini kwamba umepokea idadi hiyo. Ikipungua hata moja, iandikwe siku hiyo hiyo.

Vijana watanung'unika kwamba huwaamini. Wangu walinung'unika niliporudishwa kazini. Yule binti wa kalamu nyeupe hakunung'unika, na ndiye niliyempa ufunguo wa pili.

Umeandika kwamba leo usiku mna msako. Usizichane hizo fomu kumi, zina namba na zitaulizwa. Piga mistari miwili kila moja, andika imefutwa, tia tarehe na sahihi, zipeleke masijala zipokelewe. Droo yako ibaki na kalamu tu. Ukishamaliza rudi hapa uniambie umeifuta na ya kumi, ndipo tuzungumze habari za zamu na gari.