Maswali yenu: uzi wa DNA unavyokunjwa ndani ya kiini

*Tuliambiwa DNA ya seli moja ina urefu wa mita mbili. Inaeneaje kwenye kiini?* (Mwanafunzi, kidato cha sita)

Inazungushwa, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Bobini yenyewe ni protini nane ziitwazo histoni, na kila bobini hubeba herufi 147 za DNA, yaani viungo vidogo vinavyofuatana kwenye uzi. Kiini kwa kawaida hakizidi sehemu moja ya mia ya milimita kwa upana, kwa hiyo bobini nazo hukunjwa tena na tena.

*Wanasayansi wanajuaje kipande kipi kimegusana na kipi?*

Wanatumia formalini, hiyohiyo ya mochwari. Inaganzisha vitu pale vilipo: vilivyokuwa vimegusana vinanasana. Kisha kimeng'enya, protini inayofanya kazi kama mkasi, kinakatakata DNA, ncha zilizo jirani zinaungwa, na vipande vipya vinasomwa. Kikutwa kipande ambacho nusu yake imetoka huku na nusu imetoka mbali kabisa, basi hao walikuwa majirani. Job Dekker na wenzake walitangaza mbinu ya kwanza ya aina hii mwaka 2002. Ile ya kupima DNA yote kwa mkupuo, Hi-C, ikafuata 2009. Lakini ramani zake nyingi huchanganya mamilioni ya seli. Ni picha ya umati, na watu husahau hilo upesi.

*Mwanangu kazaliwa na vidole sita. Ndiyo mambo haya?*

Huenda, mama, ingawa sababu ni nyingi, na mara nyingi ni jambo la ukoo tu lisilo na madhara. Muulize daktari aliyemwona mtoto. Mfano mmoja unajulikana vizuri: jeni iitwayo SHH, inayosaidia kupanga vidole, swichi yake ya mkononi na miguuni, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha huko, iko mbali nayo kama herufi milioni moja, tena imejificha ndani ya jeni nyingine. Uzi ukipinda, viwili hivyo hukaribiana. Herufi moja tu ikibadilika kwenye swichi, SHH yenyewe ikiwa nzima kabisa, kidole kinaweza kuongezeka. Paka wenye vidole vingi wa Key West, Florida, wana badiliko kwenye swichi hiyohiyo.

*Uzi wote huo haujifungi mafundo?*

Hujifunga. Topoisomerasi, kimeng'enya kingine, hukata uzi, hupitisha mwingine katikati, kisha huunga. Etoposidi, dawa ya saratani, hukinasa kikiwa kimeshakata na bado hakijaunga. Mikato ikizidi, seli inakufa.