Kabla hujabandika risasi za kuongeza uzito kwenye bagi yako ya rimoti, soma hapa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza bagi za rimoti, vile vigari vidogo vya kukimbiza kwenye mchanga na kurukisha, huku kwetu kusini, naona kila mtu mkia ukimkimbia kwenye kona anawaza kuongeza uzito. Sawa, uzito unasaidia, ila gramu zile zile ukizisogeza sentimita chache tu gari linabadilika tabia kabisa, kwahiyo kabla ya kuuliza uweke ngapi jiulize utaziweka wapi.

Na usinunue kitu bado. Betri ni moja ya mizigo mikubwa kwenye bagi, kama chasisi yako ina nafasi irudishe nyuma, endesha, halafu isogeze mbele, endesha tena. Kwenye mchanga wetu huu wa Mtwara, hasa ukiwa upande wa Shangani karibu na bahari, tairi za nyuma zinachimba tu ukikanyaga moto, betri ikirudi nyuma zinashika. Ikizidi kurudi nayo pua inakuwa nyepesi, unakata kona gari linanyooka kama halijakusikia, hapo ndo gramu 10 au 20 chini ya sevo, kile kimota kinachogeuza tairi za mbele, zinakuwa na kazi.

Vile vipande vya uzito vya shaba vya kuagiza ni vizuri ila bei yake bora ule. Nenda kwa fundi matairi anayefanya wili balansi, mwambie "fundi, naomba zile risasi za gundi", zinakuja kwenye ukanda, vipande vya gramu 5 na 10, unakata unachotaka. Siku hizi nyingi ni chuma. Ikiwa ni risasi yenyewe utaijua, laini, ukucha unaacha alama, basi usiipige msasa, ile vumbi ni sumu, ifunike na tepu na unawe mikono kabla hujashika korosho.

Kubandika: futa chasisi na spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana vumbi letu jekundu gundi haishiki juu yake hata siku moja, kandamiza kwa nguvu, zungushia tepu juu. Kipande kikichomoka kikaingia kwenye gia, meno kwaheri.

Sasa hili lisikilizeni vizuri. Uzito ukiuweka mwisho kabisa wa gari, mbele ya ekseli ya mbele au nyuma ya ekseli ya nyuma, gari linakuwa zito kuanza kugeuka, na likishaanza kugeuka ni zito kuacha, yani mkia ukichomoka ndo umechomoka. Ukiuweka katikati linageuka upesi. Na siku zote chini, kwenye chasisi, ukiupandisha juu kwenye mnara wa shokapu, pale ncha za juu za shokapu zinapofungwa, gari linalala kwenye kona mpaka linabinuka. Kwenye mikono ya tairi, ile inayopanda na kushuka na tairi, usiweke kabisa, shokapu zitashindwa kazi.

Ukishaongeza, bonyeza gari chini uliachie uone limesimama urefu gani, kama tako limeshuka kaza springi kidogo. Halafu liinue kwa ncha mbili za bisibisi, moja katikati ya mbele moja katikati ya nyuma, upande unaodondoka ndo mzito, hamishia kipande upande wa pili. Mizani tafuta ile ya wapika keki inayosoma gramu, ya kupimia magunia ya korosho haitakuambia kitu.

Kwenye kuruka jueni kwamba hewani ukikanyaga moto pua inapanda, ukigusa breki inashuka, kwahiyo aliyeongeza uzito mbele atashangaa anatua kwa pua sehemu ile ile aliyokuwa anatua vizuri jana. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, jamani, ukigusa betri, springi na tairi kwa pamoja hutajua kilichokusaidia ni kipi.

Na mvua zikianza, udongo ukishikana tairi zinang'ata zenyewe, vile vipande vya uzito ulivyobandika nyuma anza kuving'oa kimoja kimoja, unabeba mzigo wa bure na mota inachemka.