VHS, Super 8 na video za simu katika filamu moja: nianzie wapi?

Swali: Natengeneza filamu kuhusu kikundi cha taarabu alichopigia marehemu babu yangu. Nina kanda za VHS za harusi, filamu ndogo ya Super 8 iliyokwisha kuskaniwa, na mahojiano ya video yaliyorekodiwa kwa simu. Nikiviweka pamoja, sauti ya simu inaachana na midomo, VHS inatoa mistari kama meno ya chanuo, na watu wa Super 8 wanatembea mbiombio. Tena nataka kufuta nguzo ya umeme iliyo nyuma ya jukwaa kwenye Super 8. Nifanyeje?

Jibu: Pole kwa msiba, na hongera kwa kuzihifadhi kanda hizo. Usikate chochote kwanza. Nakili faili zote kwenye diski mbili, kisha amua kasi ya filamu yako. Mimi ningechagua fremu (yaani picha moja moja) 25 kwa sekunde, kwa kuwa VHS zetu ni za PAL, mfumo wa video unaotumia kasi hiyo. Amua mapema, maana DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, haikubali ubadilishe kasi ya taimlaini iliyokwisha kuwekewa picha.

Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopandashuka, ndiyo sababu sauti inaachana na midomo. Pitisha faili hizo kwenye Shutter Encoder, programu ya bure ya kugeuza faili za video, uzitoe kwa kasi moja isiyobadilika, katika ProRes au DNxHR, miundo ya video inayofaa kuhariria. Zitakula nafasi kubwa, lakini kompyuta itapumua.

Meno ya chanuo yanatokana na VHS kugawa kila fremu katika nusu mbili za mistari inayopishana. Yaondoe kabla ya kuhariri, kwa chaguo la programu liitwalo deinterlace. Angalia pia umbo: pikseli za faili ya 720 kwa 576 si za mraba, basi ipeleke 768 kwa 576, la sivyo nyuso zitabanwa au kutanuka.

Super 8 ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Za nyumbani kwa kawaida zilipigwa kwa fremu 18, na yaelekea faili yako inachezwa kwa 24 au 25. Iambie programu kuwa ni 18, watu watarudi kwenye mwendo wao. Nguzo ifute hapohapo, kwenye fremu 18 halisi, kabla ya kuipeleka 25. Ukitangulia kuigeuza, baadhi ya fremu zitajirudia. Kazi itaongezeka na kiraka unachofunikia nguzo kitarukaruka. Na wakati wa kuigeuza, acha fremu zijirudie tu. Usiiruhusu programu ibuni fremu za katikati, maana vidole vya mpiga udi vitayeyuka kama nta.

Kabla ya kugeuza vyote, jaribu sekunde 20 za kila aina, hasa penye mtu anayepunga mkono, uzitazame kwenye televisheni kubwa.