Usisubiri Nauli ya Serengeti, Ndege wa Mjini Kwako Wanatosha

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu aliniletea ujumbe: "Dada shikamoo. Nimesikia habari za kikundi chenu cha kutazama ndege hapo Kigoma mjini. Na mimi natamani kuanzisha huku, ila kwetu hakuna ndege wa maana, darubini sina, na nauli ya Serengeti sijui nitaipata lini. Nianzie wapi?"

Nilimjibu siku ileile kwa maneno machache, lakini hadi usiku nilikuwa bado namjibu moyoni. Maswali yake ni yenu nyote mnaoniandikia. Mnataka kuona, mnataka kujua, mnataka siku moja na ninyi mhesabiwe miongoni mwa watu wanaowajua wanyama wa nchi hii. Basi nawaeleza jinsi ilivyokuwa kwangu, mchukue cha kuchukua.

Mimi ni muuza dagaa, mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanaposhusha samaki hapa Kigoma. Aliyewahi kuanika dagaa Kibirizi anawajua ndege hata kama hataki. Kunguru anakuja kwa miguu, anajifanya anapita njia. Mwewe anashuka kutoka juu, anachota kwa kucha na kula akiwa angali hewani. Kwa miaka mingi shughuli yangu na viumbe hao ilikuwa moja tu, kuwafukuza. Kisha mwaka 2024 Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Vipe, vyombo vya wavuvi, vikapandishwa nchi kavu, vichanja vikabaki vitupu, na mimi nikabaki na daftari la mauzo lisilo na mauzo. Habari za ukata wa miezi ile sizirudii, kila aliyekuwa mwaloni anazijua.

Mwewe nao walihama. Ufukwe uliokuwa ukijaa mabawa tangu alfajiri ukawa kimya, nikajiuliza, wameenda wapi? Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nikawakuta wengine Mwanga karibu na mabucha, wengine jalalani, wengine wakizunguka juu ya reli upande wa stesheni. Nikaanza kuandika katika lile daftari: tarehe, saa, mahali, ndege gani, wangapi. Ziwa lilipofunguliwa na taa za wavuvi zikarudi majini usiku, mwewe wakarudi mwaloni, na kurasa zangu zikaonyesha walivyotawanyika na walivyokusanyika tena. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Nilipomaliza kuzisoma zile kurasa nilijiona mtu mwingine, nasema kweli.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na ndege anayekusumbua. Kaa naye mahali pamoja, mwandike.

Hayo maneno ya "kwetu hakuna ndege wa maana" yananiuma kila ninapoyasikia, na nayasikia sana. Hapa Kigoma tunapita chini ya michikichi kila siku. Juu yake amekaa ndege mkubwa mweupe, mabawa yana weusi, uso ni ngozi tupu nyekundu. Huyo ni aina ya tumbusi. Ndugu zake wanakula mizoga, yeye chakula chake kikuu ni chikichi, akiongezea na kaa na samaki. Wageni wanatoka Ulaya na lenzi ndefu, wanapanda boti kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, na wakimwona huyu wanashangilia. Sisi tunakamua mawese chini yake, hatuinui kichwa.

Kikundi chetu sikukianzisha kwa barua wala kwa kikao. Watu waliniona na daftari wakauliza. Akaja muuguzi anayetoka zamu ya usiku, akaja kijana wa bodaboda, akaja mzee anayeshona nyavu, wakaja vijana wawili waliomaliza kidato cha nne na hawana kazi. Tunakutana siku za mbalamwezi. Aliyeishi mwaloni ataelewa kwa nini: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, nasi wa biashara tunapata asubuhi huru. Ninyi wa bara tafuteni mbalamwezi yenu, siku ambayo shughuli ya mji wenu inalala. Msipange siku ya kazi mkategemea watu waje.

Sasa nije kwa kozi, yule ndege mwindaji, maana ndiye mnayemuulizia wote.

Mzee wetu wa nyavu ndiye aliyemgundua kabla hajamwona. Mwezi wa 11 alituambia kwamba njiwa wanaokaa kwenye paa za maghala wanaruka wote kwa pamoja asubuhi, ghafla, bila mtu kuwatupia jiwe. "Kuna mtu anawatisha kutoka juu," alisema. Asubuhi za kukaa bure nazipita. Siku aliyoonekana alikuwa juu ya mnara wa simu, ambao sitautaja na sababu nitaisema. Aliondoka pale bila haraka, akapanda juu sana, akafunga mabawa akaanguka. Tuliona manyoya yakitawanyika hewani kwanza, ndipo tukasikia kishindo. Kozi huyu, Falco peregrinus, akishuka hivyo anapita kilomita 300 kwa saa, na hakuna mnyama mwingine duniani anayemfikia. Muuguzi wetu alilia. Mimi nilishindwa kusema neno.

Hatukutangaza. Kuna kozi mwingine wa kufanana naye, Falco biarmicus, naye anapenda miji na minara. Tukarudi, tukatazama alama. Huyo mwingine ana utosi wa rangi ya kutu, sharubu nyembamba shavuni, na akiwa mkubwa tumbo lake halina mistari mingi. Wetu alikuwa na kichwa cheusi kizima, sharubu pana nyeusi, na tumbo lenye mistari ya kukingama iliyojaa. Tukaokota manyoya chini ya mnara tukayabandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Hilo la manyoya nililisoma kutoka Derby, Uingereza, ambako kozi wanazaa kwenye mnara wa kanisa kuu. Watazamaji wa pale waliokota mabaki ya chakula chini ya mnara, wakakuta ndege ambao husafiri usiku tu, na hivyo wakajua kwamba kozi wa mjini huwinda hata gizani kwa msaada wa taa za barabarani. Wamejua kwa kuinama na kuokota, na kuinama hakuna kiingilio.

Baadaye akapita mtaalamu mmoja na wageni wake. Tulifurahi, tukamwendea kwa heshima tumweleze. Hakufungua hata daftari. Alisema mbele ya wageni, na mbele ya vijana wangu: "Mama, hapa mjini ninyi mmeona mwewe. Ninyi jueni samaki." Wakacheka. Yule kijana wa bodaboda hakuja mara mbili zilizofuata, na mimi nyumbani nilifunga lile daftari nikaliweka juu ya kabati. Nawaambia wazi kwamba iliniuma, na bado inauma. Mwewe namjua kuliko ninavyowajua majirani zangu. Mkia wake una panda, anaelea na kupindapinda. Miaka yote hiyo nimepigana naye, nitashindwaje kumtambua?

Binti wa kidato cha nne ndiye aliyelishusha daftari. Aliweka kamera ya simu kwenye jicho la darubini, mkono ukiegemea ukuta, akapiga picha nyingi hadi ikapatikana moja yenye kichwa na sharubu na tumbo. Tukaiweka eBird, programu ya kuandikisha ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo ni bure na unaweza kujaza bila bando kisha ukatuma ukifika penye mtandao. Huko kumbukumbu za ndege wasio wa kawaida hukaguliwa. Ikapita. Ni kozi. Nilimpigia kijana wa bodaboda saa ileile, akaja na pikipiki hadi mwaloni na abiria wake nyuma.

Yule mtaalamu hajawahi kurudi kutuambia neno. Namsubiri.

Watu wangu, nisikilizeni. Nani aliyesema kwamba mwenyeji ni wa kubeba mizigo na kuonyesha njia tu? Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, aliteremka Gombe Julai 14, 1960, akiwa na darubini na daftari, na miezi ya kwanza sokwe walimkimbia. Mnaijua hadithi hiyo, inasimuliwa kila mahali, na anastahili. Inayosimuliwa kidogo ni ya Mei 1975. Waasi walivuka ziwa usiku wakateka watu 4 kambini, wageni, na baada ya hapo watafiti wa nje wakaondoka. Kazi haikusimama. Wanaume wa vijiji vya pembeni mwa Gombe, waliokwisha kufundishwa kufuata sokwe na kuandika, waliendelea kuingia msituni kila siku na kujaza karatasi. Kumbukumbu zile zinazosifiwa dunia nzima kwa kutokukatika hazikukatika kwa sababu ya watu wa Kigoma. Mkiambiwa jueni samaki, kumbukeni hilo.

Na daftari lina nguvu kuliko kelele. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wafugaji wa njiwa wa mashindano walilalamika kwamba kozi wamezidi, wanawamalizia njiwa, sheria ya kuwalinda ilegezwe. Ikaamuliwa wahesabiwe. Watu wa kujitolea, wengi wao watazamaji tu kama sisi, wakaenda kwenye majabali waliyoyajua tangu utotoni, wakakuta matupu. Kozi walikuwa wanakwisha! Mwaka 1967 mwanasayansi wa huko, Derek Ratcliffe, akaonyesha kwamba maganda ya mayai yalikuwa yamekuwa membamba, akalinganisha na mayai ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye makusanyo ya watu. Chanzo kilikuwa dawa za wadudu za jamii ya DDT, zinazopita kutoka mdudu kwenda ndege mdogo hadi kwa kozi, mama akiatamia yai linavunjika. Marekani ikapiga marufuku DDT kilimoni mwaka 1972, watu wakawazalisha kozi na kuwaachia, na mwaka 1999 wakatolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini nchini humo. Leo wanazaa kwenye madaraja ya New York na maghorofa ya Chicago. Haya yote yalianza na mtu aliyerudi mahali palepale na kuandika kwamba safari hii hayupo.

Kwa hiyo andika hata siku usipoona kitu. Kaa mahali pamoja, saa ileile, uandike sifuri. Vijana hawapendi kuandika sifuri, wanaona aibu. Sifuri zangu za miezi ya ziwa kufungwa ndizo zenye thamani kuliko kurasa zote nilizonazo.

Kuhusu mnara nisioutaja. Mtu mmoja aliingia kwenye kundi letu la WhatsApp, siku ya pili akauliza kozi mzima anauzwa bei gani. Tulimtoa saa hiyohiyo. Kozi huyu analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama, na kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 kumkamata bila kibali ni kosa. Msitaje viota hadharani, msipande kupiga picha ya mayai, na watoto wenye manati wapeni darubini washike, watawasaidia kulinda.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema: kabla hujaelekeza darubini kwenye mnara, bandari au stesheni, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukajitambulishe na umwonyeshe daftari. Nenda na mzee. Sisi mwenyekiti wetu sasa ndiye anayenipigia simu akiona ndege asiyemfahamu.

Darubini, mdogo wangu, isikuzuie. Kikundi chetu kizima kilianza na moja, iliyonunuliwa mtumba kwa kuchangishana. Ukipata ya 8x42 inatosha: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zinazokuza sana zinatikisika mkononi, usidanganywe dukani.

Na hapo Kasulu usiniambie hakuna. Mvua za kwanza zikishanyesha na kumbikumbi wakianza kutoka, acha kuangalia chini walikotoka, angalia juu. Utaona mwewe, na katikati yao kozi wadogo wenye mabawa marefu membamba, wanadaka kumbikumbi kwa mguu na kula wakiruka. Baadhi yao wametoka Ulaya na Asia, wanafuata mvua kwenda kusini. Hesabu, andika saa, kisha nitumie ukurasa wako. Nitausoma wote.