Namba ndefu isiyo na jina kwenye ruhusa za folda

SWALI: Nimefungua ruhusa za folda ya mishahara kwenye seva ya ofisi nikakuta, kati ya majina ya watu, mstari wenye alama ya kuuliza na namba inayoanza na S-1-5-21 na kuishia na 1147. Kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) nimeona nyingine ya S-1-15-3. Tumedukuliwa? Nizifute?
Fundi wa kompyuta, Dodoma

JIBU: Hiyo peke yake si dalili ya udukuzi. Windows haihifadhi jina kwenye ruhusa, huhifadhi namba ya utambulisho, yaani SID. Kila unapofungua dirisha huuliza namba hiyo ni ya nani. Ikikosa jibu, unaachiwa namba tupu.

Ile ya S-1-15-3 usiiguse. Ni kibali cha programu, haina jina tangu mwanzo, na ukishaifuta huwezi kuirudisha kupitia dirisha la ruhusa.

Kazi ipo kwenye S-1-5-21. Ondoa kipande cha mwisho (hapa 1147). Kinachobaki ni utambulisho wa domeni (kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja) au kompyuta iliyoizaa akaunti. Kilinganishe na jibu la amri hii ya PowerShell:

(Get-ADDomain).DomainSID

Vikifanana, akaunti ni ya kwenu na huenda ilifutwa. Itafute, ukiandika namba yote:

Get-ADObject -Filter "objectSid -eq 'S-1-5-21-…-1147'" -IncludeDeletedObjects

Visipofanana, ama akaunti ilikuwa ya ndani ya seva yenyewe, ama diski ilitoka kwenye kompyuta nyingine, ama akaunti ni ya domeni nyingine mnayoaminiana nayo. Kuona kama domeni hiyo inafikika, jaribu nltest /dsgetdc: ukifuatisha jina lake. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu: laini ya tawi inakatika, majina yote ya tawi yanageuka namba, fundi anafagia. Laini ikirudi, watu hawafungui mafaili yao. Kwa hiyo usifute chochote siku ambayo mtandao au DNS (huduma inayotafsiri majina ya kompyuta kuwa anwani) inasumbua.

Ukishajiridhisha, hifadhi ruhusa zilivyo ndipo ufute:

icacls D:\Mishahara /save C:\ruhusa.txt /T
icacls D:\Mishahara /remove *S-1-5-21-…-1147 /T /C

Nyota kabla ya namba ni lazima. Mstari ukigoma kutoka, umerithiwa. Ufuate kwenye folda ya juu.

SWALI: Nikifungua akaunti mpya kwa jina lilelile, ruhusa za zamani zitarudi?

JIBU: Hazirudi. Akaunti mpya hupewa SID mpya, hata jina likifanana herufi kwa herufi. Kama Recycle Bin (pipa la vilivyofutwa) ya Active Directory, hifadhi ya akaunti za domeni, iliwashwa kabla ya akaunti kufutwa, irudisheni akaunti yenyewe kwa Restore-ADObject. Kwa kawaida mna siku 180. Zikipita, mpeni mwenye akaunti ruhusa upya, safari hii kupitia kikundi: mtu akiondoka, folda haibaki na namba yake.