King'ora kililia, watu hawakutoka

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maafa katika kijiji kilicho kando ya mto. Mafuriko yaliyopita, tahadhari ilitufikia kwa simu saa sita kabla ya maji. King'ora kikalia, lakini karibu nusu ya kaya hazikuhama. Sasa tumepata fedha kidogo. Tununue king'ora chenye sauti kubwa zaidi, au kipimamaji cha kielektroniki?

JIBU: Kwa sasa msinunue hata kimoja. Anzeni na zile kaya zilizobaki. Zipitieni nyumba kwa nyumba, bila lawama, na swali liwe moja tu: "Ulipokisikia, ulifanya nini?" Katika kazi hii majibu hujirudia: nilimsubiri mume wangu; niliogopa wezi; mbuzi ningemwachia nani; mara ile tulihama na maji hayakuja. "Sikukisikia" nimeambiwa mara chache sana.

Bangladesh ililijua hili kwa uchungu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 huko. Mpango wa kujiandaa na vimbunga ulioanza 1972 ulitegemea zaidi wanavijiji wa kujitolea, waliopewa redio, bendera na vipaza sauti. Anayekugongea mlango usiku ni jirani yako, si sauti ya mtambo. Na kwa kuwa mfugaji haondoki akaacha ng'ombe, vilijengwa vilima vya udongo vya kuwapandisha mifugo. Kimbunga Sidr cha 2007 bado kiliua zaidi ya watu 3,000, lakini linganisha mwenyewe.

Halafu fanyeni hesabu ya muda. Katika saa zenu sita, toeni muda ambao ujumbe ulilala kwenye simu ya mwenyekiti, muda wa kubishana nani awashe king'ora, muda wa kukusanya watoto, kisha mwendo wa yule aendaye polepole kuliko wote. Huyo wa mwisho ndiye kipimo chenu. Katika zoezi moja la usiku nililosimamia, vijana walifika mwinukoni kwa dakika 14 wakaanza kupiga soga. Bibi mmoja mwenye mkongojo, akishikwa mkono na mjukuu wake, alitumia dakika 51, na zaidi ya kumi kati ya hizo alikuwa amesimama mbele ya mtaro ambao kivuko chake kilikuwa gogo moja, tena limelowa. Kamati ile ilikuwa imeniita kwa ajili ya king'ora. Tulimaliza kwa kuagiza mbao.

Kipimamaji cha kielektroniki si kibaya, ila kinataka betri, mtandao na fundi, na hupenda kuharibika msimu uleule wa mvua. Badala yake simikeni nguzo ndani ya maji, upande mto unakotokea, ipakwe kijani chini, njano katikati na nyekundu juu ili kuonyesha maji yamepanda hadi wapi, na familia inayoishi karibu nayo iwe na namba za watu wawili wa kuwapigia (wawili, maana mmoja atakuwa amezima simu). Rangi msizipake kwa kukisia. Waulizeni wazee maji yalifika wapi miaka ile mibaya, na baada ya muda gani yakawa kwenu. Nyekundu ianze mahali panapombakizia bibi yenu muda wa kutosha, na ziada juu yake.

Tahadhari ikitoka na maji yasije, piteni kesho yake mkaeleze kwa nini. Mkikaa kimya, hamtasikilizwa tena.

Kama maji yenu huja kwa ghafla, hata nguzo haitawahi. Mwaka 2004, tsunami ilipopiga kisiwa cha Simeulue, Indonesia, hakukuwa na king'ora. Wenyeji walikuwa na simulizi walilorithi tangu tsunami ya 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Kati ya watu wapatao 78,000, walikufa saba. Simulizi kama hilo huenda lipo kwenu pia. Litafuteni, lifundishwe shuleni.

Kuhusu fedha: mbao za kivuko, rangi, tochi, filimbi, zizi la mifugo huko mwinukoni, na choo cha wanawake chenye mlango unaofungika kwa ndani. Ikibaki chenji, nunueni betri ya akiba ya king'ora mlicho nacho.