Yan Nne za Ukoo Mmoja

SWALI: Mhariri, ninasoma historia ya kale ya Uchina na nimekwama katika karne ya 4. Ninakutana na Yan ya Awali, ya Baadaye, ya Magharibi na ya Kusini, zote za Waxianbei, watu wa kaskazini waliokuwa wafugaji. Je, ni dola moja au nne? Na kwa nini Waxianbei walianza kujitangazia dola karibu wakati mmoja? – Msomaji, Eastleigh, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, dola ni nne, ila ukoo uliozitawala ni mmoja, wa Murong. Kila mtawala aliiita dola yake Yan tu, kwa kuwa alidai urithi wa wazee wake. Hayo ya Awali na Baadaye waliyaongeza wanahistoria. Yan ya kwanza ilianzishwa na Murong Huang mwaka 337 upande wa kaskazini-mashariki, ikamezwa mwaka 370 na Fu Jian, mtawala wa Qin ya Awali, ambaye hakuwa Mxianbei bali Mdi, yaani mtu wa kabila jingine, la Di.

Kiini cha swali lako kiko kwa huyu Fu Jian. Badala ya kuwaangamiza aliowashinda, aliwapa vyeo na majeshi, akawahamishia maelfu ya jamaa za Kixianbei karibu na Chang'an, mji wake mkuu, ijapokuwa waziri wake Wang Meng alimwonya juu yao kabla ya kufariki mwaka 375. Mwaka 383 aliivamia dola ya Jin huko kusini, akashindwa vibaya kwenye Mto Fei, na jeshi lake la makabila mengi likasambaratika. Kikosi cha Murong Chui, mtu wa ukoo ule wa Yan aliyekuwa akimtumikia Fu Jian, kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyosalia vizima, na huko ndiko Fu Jian alikokimbilia. Jamaa za Chui walimhimiza amuue; akakataa, kwani Fu Jian ndiye aliyempokea alipowakimbia ndugu zake mwenyewe mwaka 369. Alimrudishia askari wale, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kuzuru makaburi ya wazee wake. Ruhusa hiyo, kwa maoni yangu, ilimgharimu Fu Jian kuliko vita vyenyewe: mapema mwaka 384 Chui alijitangaza Mfalme wa Yan (hiyo ndiyo ya Baadaye), na mwaka uo huo mpwawe, Murong Hong, akawainua Waxianbei wa karibu na Chang'an (hiyo ndiyo Yan ya Magharibi).

Wengine walifuata: Qifu Guoren katika Gansu ya leo mwaka 385, Tufa Wugu mwaka 397, na Murong De, nduguye Chui, aliyeanzisha Yan ya Kusini mwaka 398. Mwaka 386 Tuoba Gui aliifufua dola ya wazee wake, akaiita Wei, na Chui akamsaidia kumshinda ami yake aliyekigombea kiti. Miaka 9 baadaye, kwenye mteremko wa Canhe, Tuoba Gui huyo aliliangamiza jeshi la Yan lililoongozwa na mwana wa Chui, na ni Wei iliyoiunganisha kaskazini yote mwaka 439.